Mkonge Kwanza, Kondoo Baadaye: Kuhusu Kufundisha Kloni Shuleni

Mhadhara kwa walimu wa biolojia wa shule za sekondari, Tanga

Ninyi wanafunzi wa kidato cha nne mmesukumiwa viti vya nyuma, ilhali habari yenyewe ni yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kloni, yaani kiumbe aliyepatikana kutoka kwa mzazi mmoja akiwa na jeni zile zile za mzazi huyo. Mara nyingi somo hili hupewa vipindi viwili vitatu mwishoni mwa mada ya jenetiki, wakati mwalimu anakimbizana na mtihani wa majaribio na darasa zima linawaza likizo. Nina jambo moja tu la kusema, nalo ni kwamba tunaanzia pasipo pake. Tunamwingiza mwanafunzi kupitia kondoo wa Scotland, anaondoka akiamini kloni ni muujiza wa maabara za Ulaya, na asubuhi hiyo hiyo amepita kando ya shamba la mkonge akija shule.

Basi tuanze na mkonge.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza kutoka Florida, Marekani, vimche 1,000 vya mkonge. Asili ya mmea huo ni Yucatán, Meksiko, lakini Florida ulikuwa umeshafika. Vimche vikapelekwa Hamburg, vikapakiwa tena melini kuja pwani yetu. Vingi vilifia njiani. Vilivyofika hapa vikiwa hai vilikuwa 62, navyo vikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutokana na hivyo 62 likapatikana zao lililoibeba Tanganyika kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa tukizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotuzidi. Manamba waliletwa kutoka Songea, Kigoma, hadi Rwanda na Burundi kuja kuukata, na wajukuu wao wamo humu ukumbini. Watu walitoka pande zote. Mmea ulikuwa ule ule.

Niliposema ule ule sikutia chumvi. Uangalieni mkonge vizuri. Unakatwa majani mwaka hadi mwaka, miaka saba, kumi, wakati mwingine zaidi. Kisha katikati ya majani unachomoza mlingoti, unakwenda juu mita tano au sita, unatoa matawi, na matawi yanatoa maua. Mtu angetegemea mbegu. Mbegu karibu hazipatikani, kwa sababu mkonge una seti tano za kromosomu, na seti tano hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na yai. Maua yanapukutika. Halafu, pale pale penye kovu la ua, vinaota vimche, mamia kwa mamia kwenye mlingoti mmoja. Leteni kimoja darasani, kipiteni mkono kwa mkono. Kina vijani vichache visivyozidi urefu wa kidole, tayari vigumu, na kitakoni kuna vinundu ambako mizizi itatokea. Hakikuguswa na chavua. Hakina baba. Kila seli yake imetokana na seli za mama kwa mgawanyiko wa kawaida, ule wa mitosisi tunaouchora ubaoni kwa chaki za rangi. Mama akishavitoa, anakauka na kufa, lakini jeni zake hazikupungua wala kuchanganyika na za mwingine. Kwa hiyo mkonge wa kale unaouona ukielekea Korogwe si kilembwe wa vimche vya Hindorf kwa maana tunayoijua sisi wanadamu. Ni vimche vile vile, vimeendelea tu.

Mwanafunzi akishaliona hilo kwa macho yake, nusu ya somo imekwisha. Nusu iliyobaki nayo inaanzia mkoa huu huu.

Watafiti wa vituo vya Amani na Mlingano walitaka mkonge wenye majani mengi zaidi. Kwa kupanda vimche wasingeupata, maana kimche hakileti jipya. Iliwabidi warudi kwenye uzazi wa jinsia. Walichukua jamaa wawili wa mkonge, mmoja akiwa ule uliopewa jina la Amani yenyewe, wakavusha chavua kwa mkono, wakapata mtoto, na mtoto huyo wakamzalisha tena na mzazi wa Amani. Katika miche iliyopewa namba, mmoja ulijipambanua: namba 11648. Unatoa majani mengi mno kuliko mkonge wa Hindorf kabla haujatoa mlingoti. Mseto huo ukapatikana mara moja kwa mbegu, na tangu hapo umezalishwa kwa vimche na machipukizi tu, ukavuka bahari hadi China, na huko ndio mkonge mkuu wa mashambani.

Lakini 11648 una udhaifu ambao mkonge wa zamani hauna kwa kiasi hicho: ugonjwa uitwao zebra, kwa sababu ya milia yake juu ya jani. Unaozesha jani, kisha shina. Umepiga hapa, umepiga China, kwa sababu ile ile, kwamba uliohamishwa ni mmea mmoja, na udhaifu wake ukahamishwa nao. Kitabu cha kiada huandika kwamba hasara ya kloni ni kukosa utofauti. Mwanafunzi huikariri sentensi hiyo, hupata alama moja, na haimsumbui tena. Mpelekeni Mlingano, hapo Muheza tu, aone jani lenye milia.

Ndizi ina kisa cha namna hiyo hiyo, nacho kinajulikana zaidi, kwa hiyo nitakipita haraka. Migomba mingi tunayokula matunda yake ina seti tatu za kromosomu, haitoi mbegu, na hupandwa kwa machipukizi. Biashara ya ndizi ya Amerika ya Kati ilijengwa juu ya aina moja, Gros Michel, na kufikia miaka ya 1950 mnyauko wa Panama ulikuwa umeiangamiza mashamba kwa mashamba. Wakahamia aina nyingine moja, Cavendish. Sasa fangasi wa jamii ile ile, wa aina mpya, anaiua Cavendish, na mwaka 2013 ilithibitishwa kuwa ameshaingia Msumbiji. Watu wa Kusini wanajua Msumbiji si mbali.

Kwenye muhogo nitakaa kidogo, kwa sababu muhogo unatufundisha jambo ambalo mkonge hautufundishi.

Ugonjwa wa batobato uliandikwa kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1894, na taarifa hiyo ilitoka nchi hii hii. Miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey, akiwa Amani, aliufanyia kazi, na mwaka 1936 akaueleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia. Yote mawili ni ya virusi, na yote mawili yana njia mbili za kusafiri: nzi weupe, na mkono wa mkulima. Hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu leo. Batobato angalau linajitangaza. Jani linajikunja, linakuwa na mabaka ya manjano, na mkulima mwangalifu ataliacha shina hilo. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa mjanja zaidi. Unaweza kuona shamba la kijani kibichi, mashina marefu yaliyonyooka, ukakata vipando vizuri kabisa ukampelekea na shemeji yako wilaya ya pili. Miezi baadaye anachimba, anamenya, anakata muhogo katikati, na ndani ya weupe anakuta madoa makavu ya kahawia. Hauliki, hausagiki. Shina moja lenye virusi ukilikata vipande vitano, umepanda wagonjwa watano.

Hapo mwanafunzi anapata jambo ambalo ufafanuzi wa kitabuni haulitaji: kipande cha shina hakibebi jeni peke yake. Kinabeba kila kilichoingia mwilini mwa mzazi tangu alipoota. Mbegu ya kweli, iliyotokana na ua, mara nyingi huviacha nyuma virusi vya mzazi. Kipando hakiviachi.

Storey na wenzake walifanya nini? Walirudi tena kwenye maua. Waliuzalisha muhogo na jamaa yake wa porini, mpira wa Ceará, mti ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu. Kizazi baada ya kizazi waliurudisha kwenye muhogo, wakitafuta mmea wenye kiazi cha kuliwa na damu ya mpira ya kupambana na virusi. Mmoja wa watoto wa kazi hiyo, wenye namba 58308, ulifika Nigeria na kuwa chanzo cha aina nyingi zinazovumilia batobato zilizotolewa na taasisi ya IITA ya Ibadan. Kwa hiyo ua la kutafutia, kipando cha kutunzia kilichopatikana. Mtihani ukiuliza kama uzazi wa jinsia ni bora kuliko usio wa jinsia, mimi nasema swali lenyewe ni baya. Mzalishaji wa mimea hutumia yote mawili, kila moja kwa zamu yake.

Kuna njia ya tatu ya kuukwepa ugonjwa, nayo ndiyo daraja la kutuvusha kwenda kwa wanyama. Mwaka 1952, Ufaransa, Georges Morel na Claude Martin walichukua ua la dalia lenye virusi, wakaikata ncha yake ya ukuaji, kipande kisichofika milimita moja, wakakikuza kwenye chupa. Ukatoka mmea mzima usio na virusi. Pale nchani kabisa seli hugawanyika upesi, mirija ya kusafirishia chakula haijafika, na virusi mara nyingi hubaki nyuma. Miaka sita baadaye, huko Cornell, Marekani, F. C. Steward alikuza seli za mzizi wa karoti uliokomaa ndani ya maji yenye virutubisho, yakiwemo maji ya nazi, akapata mimea kamili ya karoti. Nayasema maji ya nazi kwa makusudi; wanafunzi wa pwani huinua vichwa wakiyasikia. Seli ya mzizi uliokomaa ilikuwa bado inajua kutengeneza jani, shina na ua.

Miche ya chupa ya migomba ambayo wakulima wetu hununua siku hizi imetoka kwenye kazi hiyo. Ndani ya chupa kuna agari, sukari, chumvi za madini, na homoni mbili za mimea, oksini na saitokinini. Zidisha saitokinini, kipande kinatoa machipukizi mengi. Zidisha oksini, kinatoa mizizi. Anayefanya kazi hiyo hukaa mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, anachoma kisu kwenye moto wa spiriti kila baada ya kukata, na akikohoa vibaya siku hiyo, wiki ijayo chupa zimejaa ukungu. Mwambieni mwanafunzi hilo pia. Bayoteknolojia kwa sehemu kubwa ni usafi.

Sasa swali ambalo mtoto wa kidato cha kwanza huliuliza na wa kidato cha nne haulizi tena, kwa sababu tumeshamzoesha kutouliza: kama muhogo unaweza kukatwa ukapandwa, kwa nini mguu wa mbuzi tusiuzike ukaota mbuzi?

Wataalamu wa karne ya 19 walikuwa na jibu. August Weismann alifikiri kwamba kiinitete kinapokua, kila seli inabakiwa na sehemu tu ya maelekezo inayoihitaji, na mengine inayapoteza. Jibu safi, lina mantiki, na si sahihi. Karibu kila seli ya mwili wako, ya ngozi, ya ini, ya utumbo, ina DNA yote. Tofauti iko kwenye kinachosomwa. Ichukulieni seli kama masjala ya ofisi ya zamani: mafaili yote yapo kwenye rafu, lakini kadiri ofisi inavyojikita kwenye kazi moja, mafaili yasiyohusika yanafungwa kwa utepe na kupigwa lakiri. Masjala za mimea huzifungua lakiri zao kwa urahisi. Za mamalia hazifunguki hivi hivi.

Aliyeonyesha kwamba zinaweza kufunguka alitumia chura wa Afrika. John Gurdon, akiwa Oxford, alichukua yai la chura yule mwenye kucha anayetoka kusini mwa bara letu, akakiua kiini chake kwa mionzi, akatia humo kiini kutoka kwenye seli ya utumbo wa kiluwiluwi. Machache kati ya mayai hayo yakawa viluwiluwi vinavyoogelea, na baadaye vyura. Taarifa yake kuu ilitoka 1962. Wengi hawakumwamini kwa miaka, na Tuzo ya Nobel alipewa 2012, nusu karne baadaye. Walimu wenzangu, huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya wavulana 250 katika biolojia shuleni, na mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba wazo la kuwa mwanasayansi ni la kuchekesha. Gurdon aliiweka ripoti hiyo kwenye fremu. Tuendelee.

Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996, Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh. Dunia ikaambiwa Februari 1997. Kazi iliongozwa na Ian Wilmut na Keith Campbell, na ujanja wenyewe, kwa maoni yangu, ulikuwa wa Campbell. Walikuwa na seli za kiwele cha kondoo wa aina ya Finn Dorset, mwenye miaka sita, zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye baridi kali. Kondoo mwenyewe alikuwa ameshakufa. Campbell alizinyima seli hizo chakula mpaka zikaacha kugawanyika, zikatulia kimya. Seli iliyotulia namna hiyo, kiini chake kinapatana na yai kuliko cha seli iliyo katikati ya shughuli.

Halafu kazi ya mkono. Yai la kondoo lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Macho makali yanaweza kuliona kama chembe ya vumbi. Chini ya hadubini linashikwa upande mmoja na bomba la kioo linalofyonza taratibu, na upande wa pili inaingia sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, inayofyonza kromosomu za yai na kuziondoa. Seli ya kiwele inasukumwa ndani ya ganda, iegemee yai. Unapita mshtuko mdogo wa umeme, tando mbili zinaungana, na yai linaanza kugawanyika kana kwamba limerutubishwa. Vitu vilivyomo ndani ya yai ndivyo vinavyovunja lakiri kwenye kiini kigeni. Yai hilo lilitoka kwa kondoo wa uso mweusi wa Scotland, na aliyebeba mimba naye alikuwa wa uso mweusi. Mwanakondoo alipotoka na uso mweupe, hapakuhitajika maabara kujua si wa huyo aliyemzaa.

Kabla hamjaandika jina la Dolly ubaoni, andikeni 277. Hayo ndiyo mayai yaliyounganishwa na seli za kiwele. Chini yake andikeni 29, viinitete vilivyofaa kupandikizwa, kwenye matumbo ya kondoo 13. Chini yake andikeni 1. Mwanafunzi akiziona namba hizo zikishuka ubaoni ataelewa kwa nini hakuna mfugaji wa kawaida anayezalisha kundi lake kwa njia hii. Ng'ombe, farasi, mbwa na ngamia wamekwishapatikana kwa njia hiyo. Huko Dubai alizaliwa ngamia Injaz mwaka 2009, na ndugu zetu walioko Ghuba wanajua ngamia wa mashindano ana thamani gani. Mwenye fedha za namna hiyo hahesabu mayai yaliyoharibika. Mfugaji wa Handeni atayahesabu.

Kuhusu kifo cha Dolly mnasikia mengi. Alikufa Februari 2003, akiwa na miaka sita na nusu, kwa uvimbe wa mapafu unaosababishwa na virusi, ugonjwa unaowapata kondoo wengine pia wanaofugwa ndani. Ni kweli ncha za kromosomu zake zilionekana fupi kuliko za kondoo wa rika lake, na watu wakasema alizaliwa mzee. Lakini kondoo wengine wanne waliopatikana kutoka kwenye seli zile zile walichunguzwa huko Nottingham, na taarifa ya 2016 ikaonyesha wanazeeka kama kondoo wa kawaida. Dolly mwenyewe alizaa watoto sita kwa njia ya kawaida kabisa. Ukikuta kitabu cha kiada kinachosema kloni zote huzeeka haraka, kirekebishe kwa kalamu nyekundu kama unavyorekebisha daftari la mwanafunzi.

Na hata Dolly hakuwa nakala kamili. Mitokondria zake, zenye DNA kidogo ya peke yake, zilitoka kwenye yai la yule mwenye uso mweusi.

Mnyama ninayempenda kuliko Dolly kwa kufundishia ni paka. Mwishoni mwa 2001, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, alizaliwa paka wa kwanza wa kloni, akaitwa CC. Aliyetoa seli aliitwa Rainbow, paka jike wa mabaka matatu: meupe, meusi na ya rangi ya chungwa. CC akatoka na milia ya kahawia iliyochanganyika na nyeupe, bila hata unywele mmoja wa chungwa. Jeni zile zile, paka mwingine machoni. Sababu iko ndani ya mtaala wetu wenyewe. Jeni ya rangi ya chungwa imekaa kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, na mapema sana katika kiinitete kila seli huizima moja, kwa bahati nasibu. Seli zinazotokana na hiyo huendelea kuizima ile ile. Ndiyo maana Rainbow alikuwa na mabaka. Seli iliyochukuliwa kwake ilikuwa imeizima X yenye chungwa, na ndani ya yai lakiri hiyo moja haikufunguka. Hata mpangilio wa weupe ni suala la seli za rangi kusafiri kwenye ngozi tumboni, na safari hiyo haifanani mara mbili. Mwenye paka aliyekufa anayetaka kumlipa mtu amrudishie, hatarudishiwa yule.

Kwetu pia kazi hii imefika. Taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, ikishirikiana na wataalamu wa Roslin, ilipata ndama dume wa aina ya Boran kutoka kwenye seli za kiinitete cha Boran. Taarifa yake ya kisayansi ilichapishwa 2016. Aliitwa Tumaini. Mmoja wa walioandika taarifa hiyo ni William Ritchie, aliyekuwa miongoni mwa walioshika sindano ya Dolly. Nia haikuwa kupata makundi ya madume yanayofanana. Nia ilikuwa kujua kama seli ya Boran inaweza kurudishwa kuwa ng'ombe, ili siku za mbele seli hiyo ipewe kwanza jeni ya nyani inayoua vimelea vya ugonjwa wa nagana, ndipo izalishwe. Nyani haugui nagana; ng'ombe wetu wanakufa nayo. Hapo kloni ni hatua tu ya kufikia kitu kingine, na mimi naona ndiyo matumizi yake yenye maana zaidi kwa Afrika Mashariki.

Lakini msichanganye mambo, kwa sababu magazeti huyachanganya. Vifaru weupe wa kaskazini waliobaki Ol Pejeta, Kenya, ni wawili, Najin na bintiye Fatu. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wanasayansi wanachukua mayai ya Fatu na kuyarutubisha na mbegu za madume zilizogandishwa. Hiyo si kloni, kwa sababu kuna baba na kuna mama. Uhimilishaji wa ng'ombe kwa mrija si kloni. Kupandikiza kiinitete si kloni. Pacha wa kufanana, hao ndio kloni, na kila kijiji kina wawili watatu. Waiteni darasani, kwa idhini yao, muulize nani ana kovu wapi.

Juu ya binadamu nitasema kidogo, maana kuna kidogo. Hakuna mtoto wa kloni aliyewahi kuthibitishwa, na UNESCO ilitamka mwaka 1997 kwamba kumzalisha mtu kwa njia hiyo ni kinyume cha utu. Shehe na padri wa hapa wataeleza vizuri kuliko mimi. Kazi ya mwalimu wa biolojia ni kuirudia ile 277 na kuuliza ni mama gani angekubali kuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Namalizia na kazi ya darasani, kwa sababu mmekuja kwa ajili hiyo. Hamhitaji maabara. Tafuteni shina moja la muhogo kutoka shamba ambalo mmelichimba na kuona mizizi yake ni safi. Likateni vipande vinne vya sentimita 20, vya unene unaolingana. Pandeni kwenye makopo manne ya rangi yaliyotobolewa chini: jua na samadi, jua na mchanga mtupu, kivuli na samadi, kivuli na mchanga mtupu. Kila kikundi kipime kila wiki kimo, idadi ya majani, upana wa jani kubwa. Baada ya wiki nane pangeni makopo mbele ya darasa. Mimea minne, jeni seti moja, na mmoja utaweza kuwa na kimo mara mbili ya mwenzake. Hapo ndipo mtaje Rainbow na CC, na hapo ndipo Dolly aingie, akiwa wa mwisho.

Na kwa wale mnaotunga mitihani ya mkoa, naomba lile swali la kutaja faida tatu na hasara tatu za kloni lipumzike angalau mwaka mmoja. Badala yake mpeni mtahiniwa jedwali la makopo manne, lenye vipimo vya wiki nane, mmwambie mimea yote imetoka kwenye shina moja, kisha mmuulize mambo mawili: kwa nini haifanani, na kama virusi vya michirizi ya kahawia vingekuwa ndani ya shina lile, mingapi kati ya hiyo minne ingepona. Alama kumi, nusu ukurasa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tuanze na wale wa viti vya nyuma.